Mjadala: Fedha za kuinua jamii zilizotoka vitani ziende vyuoni au kwa fundi wa mtaani?

Mtoa hoja (Njiro, Arusha)

Wanabaraza, salaam. Jiji letu limezoea kuandikia majirani mikataba: wa Rwanda ulitiwa saini hapa Agosti 1993, wa Burundi Agosti 2000, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa Desemba 2015. Kinachozungumzwa kidogo ni jinsi mtu aliyenusurika anavyopata riziki miaka kumi baada ya saini hizo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mashariki mwa nchi hiyo bado hakujatulia. Siku kutakapotulia, wafadhili watafika na fungu la mafunzo, ambalo mara nyingi huishia kwenye kozi ya miezi mitatu, cheti, picha ya pamoja na cherehani moja ya kugombewa na watu watano. Napendekeza sehemu kubwa ya fedha hizo walipwe mafundi walioko hapo hapo ili wapokee wanagenzi, na inayobaki iwe ya kununulia vitendea kazi.

Mtazameni mwanagenzi kibarazani kwa fundi cherehani yeyote karibu na soko la Kilombero. Mwanzoni hupewa karatasi yenye mistari na cherehani isiyotiwa uzi, aufuate mstari kwa sindano mpaka mguu na mkono vielewane. Baadaye hutia vifungo, hukunja mapindo, hufumua palipokosewa. Mkasi hukabidhiwa mwisho, kwa kuwa kitambaa ni cha mteja na kikishakatwa vibaya fundi ndiye anayelipa. Muda wote huo anamsikia fundi akidai kianzio, akimkopesha jirani mwaminifu na kumkwepa yule msumbufu. Mambo hayo hayamo katika mtaala wowote wa miezi mitatu niliowahi kuuona, nayo ndiyo humweka mtu kazini.

Ushahidi upo. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya waasi wa LRA, serikali iliwapa vijana ruzuku kwa vikundi mwaka 2008, wastani wa takriban dola 380 kwa kila mmoja, wajilipie mafunzo na kununua zana wenyewe. Miaka minne baadaye watafiti walikuta kipato chao kimezidi cha wenzao waliokosa ruzuku kwa asilimia 38.

Mchangiaji (Moshi)

Kaka yangu wa Njiro, habari hiyo umeiachia njiani. Watafiti walewale walirudi baada ya miaka tisa wakakuta waliokosa ruzuku wamewafikia wenzao kwa kipato. Waliopewa walikuwa wamebaki na mali zaidi, na wengi wao bado walikuwa katika kazi za ufundi, lakini ile asilimia 38 unayoinadi haikudumu, na sisi hapa tunazungumzia kuinuka kwa muda mrefu.

Zaidi ya hayo, uanagenzi unausifu kwa macho ya mwanamume. Binti aliyebakwa na watu wenye silaha huko Kivu, mashariki mwa Kongo, utampeleka gereji, akatumwe chai mwaka mzima bila malipo, chini ya fundi ambaye hakuna anayemkagua? Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, haikuishia kwenye upasuaji; inawapa wanawake hao pia ushauri nasaha, msaada wa kisheria na mafunzo ya kazi. Kwa binti kama huyo, darasa lenye uzio na matroni ni sehemu ya matibabu.

Na mbona hamgusi soko? Sisi watu wa kahawa tunajua kwamba mkulima asiye na mnunuzi hata awe hodari atalala njaa. Kule Maraba, kusini mwa Rwanda, ushirika ulianzishwa mwaka 1999 ukiwa na wajane na yatima wengi wa mauaji ya kimbari. Walijifunza kuosha na kuchambua kahawa kwa kiwango kinachotakiwa na wanunuzi wa ng'ambo, kisha wakaiuza kwa bei nzuri. Ujuzi uliofundishwa ulitokana na kile ambacho mnunuzi alikuwa tayari kukilipia.

Fundi wa kuchomelea (Unga Limited, Arusha)

Shikamooni wakubwa. Nina wanagenzi wawili, na wa tatu akija atakuwa mtazamaji, kwa sababu mashine ni moja. Mradi ukiniletea ishirini nitawapokea kwa ajili ya posho, nisiwafiche, na hakuna atakayejua kuchomelea. Halafu nani atalipa umeme na vijiti wanavyoharibu wakijifunza? Mimi mwenyewe sikusoma chuo. Nilipimwa na VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, katika utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mitaani, nikapata cheti nikiwa tayari nina wateja.

Mtoa hoja

Marahaba, fundi. Hapo umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe: wanagenzi wasizidi wawili kwa kila mashine, fundi alipwe nusu mwanzoni kwa ajili ya vifaa na nusu mwanagenzi akishafaulu kupimwa na mtu wa nje, kama ulivyopimwa wewe.

Dada wa Moshi, kuhusu binti wa Kivu sina ubishi, aanzie penye matroni. Kuhusu ile miaka tisa, nakataa. Mzazi aliyetangulia kupata kipato amekwisha kulipa ada na kuezeka nyumba wakati mwenzake bado anahangaika, hata kama baadaye watalingana. Mfano wako wa Maraba naona uko upande wangu, maana ujuzi ule ulifundishwa kwenye kazi yenyewe. Ninachotaka utueleze ni hiki: baada ya darasa lenye uzio kufungwa, nani atampa binti yule kazi ya kwanza ya kulipwa, na fedha za kumfikisha hapo zitoke kwenye fungu gani?