Naomba ushauri: CG125 inatoa moshi wa bluu, nichonge bloku au ninunue seti mpya?

Wakuu, habari za kazi. Kuna pikipiki ya mkononi, injini aina ya CG125 (kipenyo cha silinda 56.5 mm, mwendo wa pistoni 49.5 mm). Moshi wa bluu unatoka kila ukivuta mafuta, siyo asubuhi tu inapowashwa, kwa hiyo sili za valvu sizishuku sana. Kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi kimepandisha kompresheni: hapo ni ringi au bloku (silinda anamopanda na kushuka pistoni). Mianya ya valvu imepimwa injini ikiwa ya baridi, 0.08 mm zote mbili.

Pistoni bado ni saizi ya kiwandani. Fundi anasema tubadili ringi tu yaishe. Nasita, maana bloku ikishaliwa ikawa umbo la yai, ringi mpya hazikai na oili inaendelea kupanda. Kuchonga (kupanua tundu la bloku) kwa pistoni kubwa zaidi kwa 0.25 mm kungetosha, ila mikwaruzo ikiwa na kina utajikuta kwenye 0.50. Na pistoni inunuliwe kwanza, mchongaji aifuate hiyo, siyo kinyume (wengi huharibu hapa).

Waliopita Kariakoo karibuni: seti ya bloku, pistoni, ringi na gasketi inapatikana kwa shilingi ngapi, na feki mnaijuaje kabla ya kulipa? Kipimo changu ni pini isicheze kwenye pistoni, kisha ringi peke yake ndani ya bloku, mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa fila geji (vibamba vya kupimia mianya). Kuna kingine?

Halafu kwa Dar, mchongaji gani anamalizia na honi (mawe ya kusugua ukuta wa bloku uwe na mistari myembamba), asiyeacha bloku inang'aa kama kioo?