Nyanya za kuchoma kando ya samaki: makaa, chuma cha chapati au oveni?

Kitoweo_Malindi
Assalamu alaikum wapishi. Kaskazi imeshika, joto la Malindi mnalijua, na mchana hapa kwetu hakuna anayetaka mchuzi mzito. Ni samaki wa kuchoma, wali wa nazi na kachumbari. Hiyo kachumbari ndiyo imetuchosha. Jumapili nina wageni, nataka nyanya za kuchoma zenye majani ya viungo, zikae kando ya changu na tewa.

Njia tatu nimezionja na bado sijaamua. Wavu juu ya makaa unanipa moshi ninaoutaka, lakini nyanya ikilainika inateleza matunduni na nusu ya kitoweo inaliwa na jiko. Chuma cha chapati juu ya gesi ni haraka na hakuna kinachopotea, ila moshi huupati. Oveni inatoa utamu ambao siubishi hata kidogo, lakini kuiwasha saa nzima na zaidi mwezi wa Februari, ndani ya nyumba ya Malindi, ni adhabu.

Majani nayo: nina rihani uani, dania ya sokoni, na jirani yangu Mwitaliano amenipa oregano iliyokaushwa. Njia gani, na jani gani?

Nyanya_Sokoni (Malindi)
Waalaikum salaam dada. Mbona hujasema nyanya gani? Wateja wanakuja kwangu wanasema "nipe zilizoiva", basi. Iliyoiva ya mchuzi siyo iliyoiva ya wavu. Za kuchoma tafuta zile ndefu, Rio Grande au Cal J, zenye nyama nene na maji machache. Zile za mviringo zenye ngozi nyembamba ni tamu kwenye kachumbari, lakini kwenye moto zinapasuka na kumwaga kila kitu. Nyanya yoyote ni maji karibu yote, asilimia 95 hivi, kwa hiyo unatafuta ile inayoyashika.

Ibonyeze kidogo kwa dole gumba. Iwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo, lakini ngumu bado. Na usichague za chini ya kreti, hizo zimebeba wenzao njia nzima kutoka bara. Ukifika nyumbani zikae mezani kivulini, si kwenye friji. Baridi inaua harufu ya nyanya.

Seredani (Lamu)
Dada Kitoweo, unaziweka mapema mno. Makaa yakiwa bado mekundu na yanatoa ndimi, nyanya inaungua nje, ndani mbichi, halafu unaigeuzageuza mpaka inakatika. Ngoja yafunikwe na jivu jeupe. Weka kiganja juu ya wavu, ukiweza kuhesabu taratibu mpaka nne au tano kabla hujakiondoa, moto uko sawa.

Kata nusu kwa urefu kama ni zile ndefu alizosema Nyanya_Sokoni. Futa uso uliokatwa kwa kitambaa safi, pakaa mafuta kwenye nyanya yenyewe, wavu uache. Uso ulale chini kwanza, dakika tatu au nne, na usiuguse. Ukiinua ikang'ang'ania, bado. Ikishashika rangi inaachia yenyewe. Hapo geuza, ngozi iangalie moto, dakika tano hivi. Ngozi ikiwa chini haitelezi popote, maji yote yanabaki ndani na wewe unatia viungo vyako juu.

Vifuu tumia kuwashia tu. Vina mafuta, vinarusha ndimi na moshi mweusi, nyanya itanuka masizi. Na wenye mapaa ya makuti, nawaomba: kaskazi ikivuma cheche haina adabu. Huku Amu nyumba zimebanana, kila mtu anajua moto ukishika paa moja unavyoruka kwenda la pili. Jiko liwe mahali wazi, mbali na makuti, ndoo ya maji karibu.

Binti_Mambrui
Shikamoo Seredani, lakini si kila mtu ana ua. Mimi naishi ghorofani, makaa siruhusiwi, na nyanya zangu za chuma cha chapati zinaliwa zikaisha. Kitoweo, bila shaka chuma chako hakikupata moto wa kutosha, ndiyo maana hukuonja kuchomwa. Kiache kitupu juu ya moto mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka na kukauka papo hapo. Ndipo uweke nyanya, uso chini, na uache nafasi kati yao. Ukizibananisha zinachemka kwa mvuke wake zenyewe, ndiyo maana ladha ya kuchomwa huipati.

Na chumvi msitie mwanzo! Chumvi inavuta maji nje, uso unalowa, haushiki rangi. Tia ukishageuza.

MpishiWaPwani (Watamu)
Binti kasema kweli kuhusu chumvi kwenye chuma na kwenye makaa. Kwa oveni ni kinyume, tia mapema, kwa sababu huko unataka maji yatoke.

Mimi kazi yangu ni jikoni hotelini, wageni wengi Waitaliano, kwa hiyo nyanya hizi nazipika karibu kila siku msimu huu. Watu wanaharibu kwenye majani. Kuna majani yanayovumilia moto na yasiyovumilia. Oregano iliyokaushwa, thaimu, rozmari: haya tia mapema, changanya na mafuta na thomu iliyopondwa, moto unayafungua. Rihani na dania ni laini, harufu yake inapeperuka na moshi, jani linakuwa jeusi na chungu. Hizo zinyunyizwe nyanya ikishatoka jikoni, ingali moto. Dania nayo watu wanatupa vikonyo wakati ndimo ladha ilimo. Viponde na pilipili mbichi, chumvi na ndimu, mimina juu.

Thomu pia iangalieni. Vipande vidogo juu ya uso unaolala kwenye wavu vitaungua kabla nyanya haijapata rangi. Paka baada ya kugeuza.

Kuhusu oveni, dada, usiikatae kabisa. Iwashe usiku joto likipungua, nyuzi 150, saa moja na nusu, nyanya nusunusu uso juu, chumvi, oregano, mafuta ya zeituni. Acha zipoe. Kesho yake zinaliwa hivyo hivyo bila kupashwa, na kwa mchana wa joto mimi naona zinafaa kuliko za moto. Ila usizilaze na kuzifunika kwa karatasi ya alumini mpaka asubuhi. Asidi ya nyanya na chumvi vinaila, unaikuta ina vitundu na nyanya ina ladha ya bati. Tumia sinia ya udongo au kioo.

Kaskazi_Kaskazi (Malindi)
Haya yote mambo ya Wazungu tu. Waingereza wanakula nyanya ya kuchoma asubuhi na mayai, sisi tuna kachumbari yetu ya asili. Ya nini kuhangaika?

Baharia_Amu
Ami, asili gani? Nyanya yenyewe imetoka Amerika. Vasco da Gama alipotia nanga hapo kwenu Malindi mwaka 1498 nyanya haikuwepo, si kwenu wala si kwao Ureno. Kachumbari unayoitetea ilikuja baadaye kama vingine.

Nimefanya kazi Dubai, na waliozoea nyanya hizi kuliko Wazungu ni Wairani. Kwao kababu na wali havijakamilika bila nyanya ya kuchoma kando. Wanazitunga nzima kwenye vyuma bapa, hawakati, wananing'iniza juu ya makaa bila wavu wowote mpaka ngozi inachanika na kuwa nyeusi hapa na pale. Mlaji mwenyewe anaiponda kwenye wali na kunyunyiza sumaki, ule unga mwekundu mchachu. Huku kwetu ndimu inatosha. Kitoweo, tatizo lako la matundu ya wavu limekwisha: vyuma vya mishikaki, nyanya ndogo ngumu, ziwe saizi moja. Zitoboe kidogo kwa ncha ya kisu zisije zikarusha maji ya moto usoni. Vijiti vya mbao ukitumia viloweke kwanza.

Kitoweo_Malindi
Jamani shukrani. Ya vyuma sikuifikiria, na wali wa nazi na nyanya iliyopondwa nauona kabisa. Swali: rihani. Mama mkwe wangu ni wa Lamu, nilipomwambia naitia kwenye chakula alinitazama vibaya.

Seredani (Lamu)
Namuelewa bi mkubwa. Kwetu rihani ni ya kikuba, inafungwa pamoja na asumini, mwanamke anajifukiza na kujipamba. Kuitia kwenye samaki ni sawa na kumwagia mtu marashi kwenye sahani. Mimi mwenyewe siili.

MpishiWaPwani (Watamu)
Mimi naila, lakini bi mkubwa ana hoja hata kwa upande wa ladha. Rihani ya uani huku kwetu ni kali kuliko ile ya majani mapana wanayoilima Waitaliano. Ukitia kiasi kile kile wanachotia wao, utasikia rihani tu, nyanya imepotea. Chana majani machache kwa mkono, basi. Mama mkwe akiwepo, mwandalie zake na dania.

Nuru_Gede
Kuna aliyejaribu kupaka tui? Kama samaki wa kupaka, lakini nyanya.

Binti_Mambrui
Nilitaka kuuliza hilo hilo! Langu lilikatika, likawa vidonge vidonge.

Seredani (Lamu)
Ulilichemsha pamoja na nyanya, au ulilipaka mapema. Uchachu na moto mkali vikikutana juu ya tui lazima likatike. Chukua tui la kwanza, zito, lipike peke yake na thomu, pilipili na bizari kidogo mpaka lishikane. Nyanya ikishageuzwa, ngozi chini, imebakiza dakika moja au mbili, paka kijiko kimoja juu ya kila nusu. Likianza kutokota pembeni, ondoa. Ndimu mezani, si jikoni. Kwangu mimi hii inaishinda oregano na zeituni zote mlizotaja, na mafuta ya zeituni huku kisiwani bei yake mnaijua.

MpishiWaPwani (Watamu)
Hapo sibishani. Kwa samaki mweupe kama changu, tui. Kwa tewa mwenye nyama nzito ningebaki na thomu na oregano.

Kitoweo_Malindi
Basi nitafanya hivi: nusu na tui, nusu na dania, zote juu ya makaa kwa sababu jiko litakuwa limeshawaka kwa ajili ya samaki. Nitangulize kipi, samaki au nyanya?

Baharia_Amu
Samaki kwanza, anataka moto mkubwa. Akitoka makaa yatakuwa yamepungua yenyewe kufikia kiwango alichosema Seredani, na nyanya zinaiva wakati wageni wananawa mikono. Wavu usugue kwanza lakini, magamba na mafuta ya samaki yaliyogandia yatazishika nyanya zako.

Nuru_Gede
Zikibaki?

Binti_Mambrui
Menya ngozi, ponda na kitunguu maji, pilipili na ukwaju. Chatini ya kulia viazi karai jioni.

Nyanya_Sokoni (Malindi)
Dada Kitoweo, kama ni za Jumapili njoo Ijumaa asubuhi makreti yakifunguliwa. Chukua zilizobakiza rangi kidogo karibu na kikonyo, kwa joto hili siku mbili zitakuwa zimetimia. Ukija Jumamosi jioni nitakuwa nimebaki na za mchuzi tu.