Eti "labda uliyapika": yule wa kofia kaniuzia heti hewa!

MbongoWaOhio (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wa huku Ohio mnamjua, simtaji. Yule wa kofia aliyeniuzia jozi ya chatu, hakosi maonyesho ya nyoka na mijusi, anakuita "mdogo wangu" huku anahesabu hela zako.

Nimemuuliza kwa adabu kwenye grupu, watu mia mbili wanasoma: "Kaka, mayai yametotoa, mbona hakuna albino hata mmoja?" Kajibu kwa sauti, anacheka, nyuma kijiko kinagonga kikombe cha chai: "Mdogo wangu, labda uliyapika."

NILIYAPIKA. Mimi!

Siku 58 nimelala na inkubeta pembeni ya kitanda, digrii 31.5, saa nane usiku naamka kuchungulia kipimajoto kama nina kichanga. Mke kahamia sebuleni. Mayai sita, wametoka sita, wazima, kahawia na weusi kama soli ya kiatu cha babu. Yai lililopikwa linatoa nyoka?

Ni wale chatu wadogo wa Ghana na Togo wanaojikunja kama mpira. Jozi dola 500, akaapa wote heti: nje wa kawaida, ndani wamebeba jeni ya ualbino iliyojificha. Ukiwapandisha, katika wanne mmoja albino. Mimi ninao sita, hata nusu albino sina! Heti hewa, kama wafanyakazi hewa.

Eti niliyapika.

BiKikaango
Chumvi ulitia lakini?

TichaBaiolojia
Mleta uzi, punguza jazba. Tangu Bob Clark awazalishe albino wa chatu hao Marekani mwaka 1992, hesabu ni ile ile: robo ni ya kila yai peke yake. Mayai hayakai kikao kugawana zamu. Yai moja kukosa ualbino ni robo tatu. Zidisha mara sita, inabaki kama asilimia 18. Ni bahati mbaya ya kawaida kabisa. Na kama wazazi ni heti kweli, kila mtoto wako ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa heti. Usiwatupe.

MbongoWaOhio
Ticha, sikuomba tuisheni. Kasema NILIYAPIKA, mbele za watu. Na huu ni uzao wa pili, mwaka jana yalitoka saba, wote kahawia.

TichaBaiolojia
Kumi na tatu?! Si ungesema. Hapo ni asilimia 2 na ushee. Mkuu, umepigwa.

MjusiKafiri
Unalia na heti? Mimi huyo huyo kaniuzia mijusi chui, dume albino, jike albino, nimewaona kwa macho yangu mawili. Watoto wote wa kawaida! Kumbe dume ni albino wa Tremper, jike wa Bell. Jeni mbili tofauti, kila moja na njia yake, hazijuani hata kwa salamu. Kumuuliza, ananijibu: "Labda jike wako anatoka nje."

BiKikaango
Anatoka nje! Heri ya kupika mayai.

MbongoWaOhio
Turudi kwenye mada jamani. Kijiko kinagonga kikombe, anacheka, "labda uliyapika"...

MamaTanga
Wanangu, mnasema jeni au jini? Kijana wangu yuko Minnesota. Juzi tunaongea kwa video nikaona kitu kinapita nyuma ya kochi. Kaniambia ni mkanda. Mkanda unatoa ulimi?

MjusiKafiri
Mama, ni mkanda huo. Muamini mtoto.

MamaTanga
Nishaongea na shehe.

Chausiku254
Mleta uzi, hao kahawia unawauza?

MbongoWaOhio
Dola 80 mmoja. Ni heti kwa asilimia 66, Ticha kathibitisha hapo juu. Karibu PM, mdogo wangu.

BiKikaango
Na kofia umeshanunua?