Mrejesho: skeli za gita na solo ya rumba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini vidole vyangu vinapanda na kushuka skeli ya C (ngazi ya noti do, re, mi hadi do ya juu) bila kukwama, ila wimbo ukianza sina la kupiga.

Kupunguza mwendo hadi mapigo 60 kwa dakika kumesaidia. Mkono wa kulia sasa unapokezana chini na juu kwa usawa. Lakini kilichonifungua hasa ni ushauri wa kuruka noti: do-mi, re-fa, mi-sol, fa-la, kisha kuzipiga hizo mbili kwa pamoja kwenye nyuzi jirani. Jamani! Hapo hapo ikatoka ile sauti ya rumba ya Kongo tunayoisikia hapa Kigoma tangu utotoni.

Siku hizi mdogo wangu ananipigia kodi (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) za C, F na G kwenye gita la pili, nami kila kodi ikibadilika natua kwenye noti iliyomo ndani yake. G ndiyo bado inanisumbua: kidole kinakimbilia do, ambayo haimo, nami nakilazimisha kwenye si au re.

Mwenye zoezi la kuruka mbali zaidi, mfano mi na do ya juu, naomba anielekeze.