Naomba ushauri: watoto watatu, Nakuru hadi Two Rivers na kurudi siku moja

Habarini za jioni wazazi wenzangu. Niko hapa Nakuru, nimeahidi watoto nikipata ofu Agosti hii shule zikifungwa nitawapeleka Two Rivers, ile mall ya Nairobi, wapande lile gurudumu kubwa na michezo mingine, na sasa hawalali wananiuliza kila siku. Wa kwanza ana miaka 9, wa pili 6, kitinda mimba 2, na tutakuwa na nyanya yao ambaye magoti yanamsumbua, hawezi kusimama sana.

Shida yangu ni safari. Ni kama kilomita 160 kwenda tu, na huyu wa miaka 6 hutapika kwa gari, tukifika Kinungi ameisha kabisa maskini. Mwaka jana nilijaribu kumpa tangawizi haikusaidia. Nimeuliza majirani wawili, mmoja anasema toka saa kumi na moja alfajiri urudi jioni, mwingine anasema nitawaumiza watoto bure, afadhali tulale huko. Kulala ni pesa jamani, na bado kuna tiketi na chakula.

Kwa wale mmeenda na watoto wadogo, kwenda na kurudi siku moja inawezekana kweli ama nitafute mahali pa kulala? Na barabara, nikate Limuru nipitie Banana hadi Ruaka, ama nishuke mpaka Westlands? Nataka ile yenye kona chache juu ya huyu mtoto.

Asanteni sana.