Aproni za kubangulia korosho kutoka jinzi za mitumba: rangi inachuja, sindano zinavunjika

FundiShangani
Wakuu, kuna oda ya aproni 20 za akina mama wanaobangua korosho hapa Mtwara. Malighafi ni jinzi za mitumba zilizoisha mapajani, zile zinazobaki belo likishachambuliwa. Zinachuja na kupaka kanga bluu hata baada ya kulowekwa kwenye chumvi. Sindano namba 14 inavunjika kwenye makutano ya mishono. Na aproni moja inakula suruali ngapi? Cherehani ni ya miguu.

UziNaSindano
Chumvi hapo ni kazi bure. Indigo, ile rangi ya bluu ya jinzi, haiyeyuki kwenye maji. Kiwandani uzi huchovywa mara kadhaa kwa muda mfupi, rangi inakaa juu juu na kiini kinabaki cheupe. Kinachopaka kanga ni chembe zinazobanduka. Geuza ndani nje, fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, badilisha maji mpaka yakaribie kuwa meupe, anika kivulini. Halafu sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mara 10. Kikishika kivuli tu cha bluu, shona. Jik hapana: inakula indigo, ikizidi inakula na pamba, na jinzi za kuvutika zinalegea kabisa.

Sindano weka namba 16, makutano namba 18, urefu wa mshono mmoja milimita 3 hadi 3.5. Mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukipanda nundu ya makutano unainama, sindano inapinda na kugonga bamba. Ndiyo maana inakatika. Ponda nundu kwa nyundo, kunja kipande cha jinzi ukiweke nyuma ya mguu ili ulale sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono.

BintiMikindani
Jinzi nyingi mshono wa ndani ya mguu umekunjwa na kushonwa mara mbili, usihangaike kuufumua. Kata ule wa nje wenye ovaloki, yaani nyuzi za kuzuia kingo zisifumuke. Suruali ya kiume ya mguu ulionyooka, chini ya paja, inatoa vipande viwili vya kama sm 40 kwa 70. Viunganishe, umepata sketi ya aproni. Kipande kimoja kinatoa vifua viwili, kwa hiyo suruali moja ni vifua vinne. Oda yako ni suruali 25 (20 za sketi, 5 za vifua), ongeza 3 za akiba. Ya kuvutika usiiunganishe na ngumu, zikifuliwa mshono unakunjamana.

Lindi_Kwetu
Mmesahau mafuta ya ganda la korosho. Yanababua ngozi, na pamba inayafyonza. Tabaka moja likilowa mapajani, linayabana mwilini. Kuanzia kiunoni kwenda chini weka tabaka mbili na nailoni nzito katikati, ushone kingo tu, maana kila tundu la sindano ni njia ya mafuta. Tabaka zote mbili zikiwa za jinzi, suruali zinakuwa 45 badala ya 25, mbali na akiba. Mfuko uwe kifuani. Na glavu bado zivaliwe.

FundiShangani
Asanteni. Na rangi zisizolingana? Nashauriwa nizipige mchanga kwa kompresa zipauke sawasawa.

UziNaSindano
Acha kabisa, mkuu. Vumbi lile lina silika, linaua mapafu. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009 baada ya wafanyakazi wa jinzi kuugua na wengine kufa. Viwanda vingi vimehamia kupausha kwa mwanga wa leza na gesi ya ozoni. Wewe weka kipande kilichokolea kushoto na kilichopauka kulia kwenye aproni zote 20, itaonekana ndiyo mtindo.