Gombe na watoto: kuogelea, kupiga kasia, kulala hema

Wadau, Desemba nataka kuwapeleka wanangu wawili (miaka 9 na 13) Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Tulale hema, tuoge ziwani, tupande mlima. Mdogo ataweza?

Jibu: Karibu Kigoma, dada. Gombe hakuna barabara. Unapanda boti Kibirizi, hapa Kigoma, ukifuata ufuko kaskazini. Asubuhi Ziwa Tanganyika limetulia kama mafuta, mchana upepo hukoroga mawimbi, kwa hiyo kasia zipigwe mapema, majaketi ya kujiokoa yamevaliwa. Watoto wakiogelea, muulize askari wa hifadhi kwanza ni wapi salama.

Njia ya maporomoko ya Kakombe mdogo ataiweza, wangu alienda na miaka minane. Ila sokwe ndio shida: mtoto mwenye mafua abaki kambini. Mafua yetu yanawaua, na ninawapenda mno wale wanyama.

Hemani usiache hata ganda la ndizi. Nyani waliniingilia wakabeba mkate wote, tukala dagaa watupu siku mbili.

Muuliza swali: Asante kaka. Mdogo ana pumu, ile njia ina mwinuko mkali?

Jibu: Vilima vipo, nendeni polepole. Dawa yake ya kuvuta ibebe wewe mwenyewe, usiiache kambini.